Mshale uliposhuka tukashangilia: kisa cha Premio iliyotufia kati ya Chemba na Dodoma

Kwanza niseme mi si fundi. Mi ni mwenye gari tu, Premio ya 2005, otomatiki, injini ile ya 1NZ ya cc 1500, huu mwaka wa nne niko nayo. Naandika hiki kisa kwa sababu tangu gari litufie njiani tarehe 3 Januari kila ninayemsimulia ananikata katikati, "aah hiyo themostati, walikutolea themostati," afu anaondoka ameridhika kama hakimu aliyefunga faili. Mi bado sijaridhika. Nimekaa na fundi aliyeifungua ile injini, gasketi (kile kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini na mwili wake) nimeishika kwa mkono wangu, na ile safari nimeirudia kichwani mpaka mke wangu kaniambia niache kuongea na ukuta. Nilichokiona ni kwamba gari lilinipa taarifa mara kadhaa njiani, na ile ya mwisho iliyokuwa kubwa kuliko zote tuliipigia makofi.

Tuanzie mbali kidogo. Sisi tunakaa Dodoma, mke wangu kwao Moshi, na Desemba Mchaga haulizwi anaenda wapi. Wiki moja kabla ya safari nikapeleka gari sevisi gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Oili, filta, plagi, brekipedi, mambo ya kawaida. Fundi akiwa amefungua boneti akaniambia, "Bosi, hii themostati naona kama inagomagoma, nikutolee? Huku kwetu joto, hiki kidude wanakihitaji Wajapani wenye barafu yao." Nikamwambia toa. Sikumuuliza kwa nini anadhani inagoma, sikumuuliza kama rejeta iko vizuri, nilikuwa nachat. Alipofungua yakamwagika maji ya rangi ya kutu, akajaza mengine ya bombani, akafunga mfuniko wa rejeta ule ule wa zamani, nikalipa nikaondoka.

Sasa kuhusu maji. Anayekaa Dodoma anajua, birika lako la kuchemshia maji baada ya miezi michache ndani linashika ukoko mweupe mgumu unaukwangua na kisu. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa maji ya visima, vya Makutupora na vile watu wamechimba wenyewe majumbani, na mengi yana chumvi. Miaka minne kila nikiona rejeta imepungua nilikuwa nachota ndoo nje pale namimina. Kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nilikuwa naiona ni anasa ya watu wa Land Cruiser. Kama birika linafanya vile, jiulize vile vijinjia vyembamba vya ndani ya rejeta vilikuwa na hali gani. Mi sikujiuliza.

Na themostati yenyewe kazi yake ni nini, maana hapa ndo watu wengi wanapochanganya mambo. Ni kama mlinzi wa geti. Injini ikiwa ya baridi anafunga, maji yanazunguka ndani kwanza yapate moto, yakifika nyuzi 80 na kitu anaanza kufungua yaende kwenye rejeta kupoa. Ukimtoa, geti liko wazi muda wote. Mara nyingi geti kuwa wazi peke yake hakuunguzi injini, tena asubuhi na mapema barabarani inaweza isifike hata joto lake la kawaida. Ndo kilichotokea wakati wa kwenda. Tulitoka Dodoma saa 9 usiku, kibaridi, gari jepesi, mimi na mke na watoto wawili, na mshale wa joto ukakaa chini ya nusu karibu njia nzima. Nikamwonyesha mama watoto, "unaona fundi alivyotengeneza, gari limekuwa la baridi." Wese lilikwenda kuliko kawaida ila nikasema ni sikukuu.

Kwa hiyo nikifika hapa natofautiana na wanaosema themostati ndo iliua injini. Haikuiua. Iliondoa kipimo. Gari langu mshale umezoea kukaa katikati miaka yote, ungekuwa katikati ukasogea kidogo juu ningeshtuka. Walipotoa kile kidude mshale ukawa hauna kwao, mara chini, mara juu ya chini, na mi nikajifunza ndani ya siku moja kutoujali. Rejeta iliyoziba nusu ilikuwepo tangu Dodoma, ila kwa baridi ya alfajiri na mzigo mdogo ilikuwa inatosha, ikajificha.

Kurudi ilikuwa habari nyingine. Tumetoka Moshi saa 11 alfajiri na sasa tuko watano, maana shemeji dada yake mke wangu anakuja Dodoma kutafuta maisha. Buti lina mikungu miwili ya ndizi, gunia la maparachichi, viazi, sanduku la shemeji ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na nini ila lilinyanyuliwa na watu wawili. Arusha tukapita, Babati tukanywa chai, saa 5 hivi jua limeshakaa sawa tukaanza kupanda kutoka Bonga kwenda Bereko, AC imewashwa, gari limejaa. Kwenye ule mlima mshale ukaanza kupanda. Ukavuka nusu. Ukaenda mpaka kama robo tatu.

Hapa nilifanya kitu sahihi, nijipongeze kidogo maana baada ya hapa sina cha kujipongeza. Nilizima AC, nikashusha vioo, nikawasha hita mpaka mwisho, maana hita ni kama rejeta ndogo, inanyonya joto la injini inakuletea miguuni. Hewa ikatoka ya moto kama ya tanuri la mkate, watoto wakapiga kelele, mshale ukashuka taratibu mpaka chini ya nusu. Tukamaliza mlima, tukaanza kuteremka, nikasema yameisha. AC sikuiwasha tena, mkumbuke hilo.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kule mlimani maji yalikuwa yamechemka kweli. Fundi alinifafanulia baadaye akiwa ameshika ule mfuniko wa rejeta. Maji yakiwa wazi, kwenye mwinuko kama wa Dodoma, mita 1,100 na ushee juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100, na Bereko ni juu zaidi kwa hiyo yanachemka mapema zaidi. Kinachozuia ni mfuniko. Ule mfuniko juu umeandikwa 1.1, maana yake springi yake inabana presha mpaka hapo, na kwa presha hiyo maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko wangu springi ilikuwa imelegea, mpira umekatika, ukiubonyeza na kidole gumba unaingia kama kizibo cha soda. Kwa hiyo gari lilikuwa linapanda mlima na sufuria isiyo na mfuniko. Maji yakatoka yakajaa kwenye kile kichupa cha akiba, kichupa kikafurika, na injini ilipopoa mfuniko mzima ungeyavuta yarudi kwenye rejeta, wangu ukavuta hewa tu.

Kolo watoto waliona kibao cha michoro ya miambani, ile iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, wakataka tusimame. Nikasema siku nyingine, tunachelewa. Tungesimama labda ningefungua boneti, labda nisingefungua, sijui. Kondoa tukasimama kula, saa 6 na nusu. Wakati tunatoka hotelini mwanangu mdogo akasema, "Baba, gari linakojoa." Nikaangalia, kweli kuna kidimbwi chini ya bampa la mbele. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, hayo ni maji ya AC mwanangu, ni kawaida.

AC ilikuwa imezimwa tangu Bereko.

Hii ndo sehemu inayoniuma kuliko zote, zaidi hata ya hela, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Maji ya AC yanadondoka nyuma zaidi, usawa wa miguu ya abiria, na ni safi hayana rangi. Haya yalikuwa mbele kabisa na yana wekundu wa kutu. Mtoto wa miaka sita kayaona, baba mtu mwenye leseni kayapa jina lingine. Na niliingia kwenye gari nikawasha bila kufungua boneti, kwa sababu boneti ukifungua nguo nyeupe inachafuka, na shemeji alikuwa anasema tuwahi.

Kuna jambo la barabara pia. Wanaoikumbuka Dodoma Babati ya zamani wanajua, vumbi, mawe, unasimama kila baada ya muda kukagua mpira, kukaza kitu, kumwaga maji. Tangu lami ikamilike mwaka 2018 mtu unatoka Babati kama kilomita 250 mpaka Dodoma hakuna anayekusimamisha isipokuwa trafiki. Lami nzuri inakufanya ujione gari lako ni zima.

Tumepita Chemba mshale ukaanza tena. Safari hii kuko tambarare, hakuna mlima, AC imezimwa, na bado unapanda. Nikawasha hita kama mwanzo. Ukaendelea kupanda, ukakaribia alama nyekundu, nikaanza kutafuta mti wenye kivuli nisimame. Halafu ghafla, yaani ndani ya dakika moja hivi, mshale ukashuka. Hivi hivi. Ukashuka mpaka chini kabisa. Na hita ikaanza kutoa hewa ya baridi. Mke wangu kaweka mkono pale kwenye tundu akasema, "Asante Yesu, imepoa." Shemeji kapiga makofi. Watoto wakapiga makofi kwa sababu shangazi yao... samahani, mama yao mdogo kapiga. Mi nikakanyaga mafuta.

Sasa tuelewe kilichotokea. Kile kisensa kinachopeleka habari kwenye mshale kimekaa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, kimetengenezwa kipime maji. Maji yakiisha pale kinabaki kwenye mvuke na hewa, na hewa haipeleki joto kama maji, kwa hiyo kinaripoti ubaridi wakati chuma pembeni yake kinaungua. Hita nayo inapashwa na maji hayo hayo ya injini, hakuna maji hakuna joto. Kwahiyo vile vitu viwili tulivyovishangilia, mshale kushuka ghafla na hita kutoa baridi, kwa pamoja maana yake ni moja tu: maji yameisha. Kushuka kwa Bereko kulikuwa kwa taratibu na hita ilikuwa ya moto. Huku kulikuwa kwa ghafla na hita ya baridi. Ukiviweka sambamba tofauti inaonekana hata kwa kipofu, ila barabarani nani anaviweka sambamba.

Tukaenda kama dakika kumi. Gari likaanza kuwa zito, nakanyaga haliitiki, likaja na mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, harufu ya kuungua, likazima lenyewe likiwa linatembea. Nikalisukumia pembeni kwa kasi iliyobaki. Moshi mweupe boneti nzima.

Tukakata matawi tukayaweka barabarani mbele na nyuma, pembetatu ninayo moja tu, mke na watoto wakaenda kukaa chini ya mbuyu. Mi nikachukua kitambaa nikaenda kufungua mfuniko wa rejeta. Nashukuru Mungu wakati huo huo Fuso moja tupu ilikuwa inapunguza mwendo, dereva mtu mzima akapiga kelele kabla hata hajasimama, "Mdogo wangu! Toa mkono hapo! Unataka kwenda kwa watoto huna sura?" Akashuka, akanishika mkono kabisa. Akauliza limezima muda gani, nikasema dakika tano. Akasema kaa, hapo hagusi mtu mpaka nusu saa na zaidi, uweze kushika mpira wa rejeta bila kutoa mkono. Mi nikasema basi nimwagie maji injini juu ipoe, tuna dumu la maji ya kunywa. Akacheka. "Hayo maji ya watoto waachie watoto. Hedi yako ni aluminiamu, ukiimwagia baridi saa hizi ndo unaipasua kabisa."

Tulivyokuja kufungua mfuniko baadaye hakukutoka hata mvuke. Kidole hakikugusa maji. Tukamimina lita nne na zaidi, na mfumo mzima unabeba kama lita tano au sita, kwa hiyo tulikuwa tumetembea na injini kavu. Utingo akapiga starta, injini ikazunguka upesi upesi bila nguvu, na kwenye mdomo wa rejeta yakatoka mapovu. Yule dereva akaangalia akafunga mfuniko polepole kama mtu anayefunika maiti. "Gasketi imekwenda bwana mdogo. Usiwashe tena."

Nikamwomba anivute kwa kamba. Akakataa, na alikuwa sahihi. Otomatiki ambayo matairi ya mbele ndo yanaendesha ukiivuta mbali injini imezimwa, pampu ya oili ya gia inakuwa haifanyi kazi, ukifika Dodoma una injini mbovu na gia boksi mbovu. Wakatafuta sehemu yenye tuta la udongo pembeni ya barabara, Fuso ikarudi kinyumenyume mpaka bodi ikalingana na tuta, vijana wa pale kijijini wakaja, "mbukwenyi, mbukwenyi," salamu ya Kigogo hiyo, tukasukuma Premio ikaingia ndani ya Fuso kama ng'ombe anaenda mnadani. Elfu 150 mpaka Dodoma. Mikungu ya ndizi mmoja ukabaki kwa wale vijana, na nadhani ndo bei ya haki kuliko zote nilizolipa mwezi ule.

Gereji nikabadilisha. Fundi wa safari hii ni mzee, haongei sana. Kabla hajafungua chochote alichomoa kijiti cha oili akanionyesha, imekuwa rangi ya chai ya maziwa. "Maji yameingia kwenye oili, hapa hatubahatishi tena." Akafungua hedi. Gasketi imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, kuna kimstari cheusi pale unaweza kupitisha kucha. Akaweka rula ya chuma juu ya hedi na kurunzi nyuma yake, mwanga unapita katikati. Imepinda. Kwa macho huoni kitu, na upindaji unaoruhusiwa pale ni mwembamba kuliko karatasi. Ikapelekwa kwa watu wa mashine ikachongwa uso ukanyooka. Bloku, ule mwili wa injini wenyewe, ikapona, hapo nilipiga goti.

Halafu akachukua rejeta, akaiweka bomba la maji juu. Maji yakawa yanatoka chini kwa mafungu, kidogo, yanasita, kidogo. Akaigonga gonga kwenye zege ikamwaga mapande meupe kama ya kwenye birika la nyumbani. Feni alishaijaribu, nzima. Pampu ya maji nzima. Akapanga vitu mezani, rejeta, mfuniko, gasketi, akaniuliza kimoja kimoja. Nikamuuliza na mi, "Mzee, kati ya hivi kipi kiliniua?" Akasema, "Rejeta ilikupunguzia nguvu. Mfuniko ulikumwagia maji. Ila injini imeungua zile dakika kumi za mwisho." Themostati hakuitaja mpaka nilipomtajia mimi, akasema ile arudishe tu mpya, ili mshale upate akili zake.

Kwa hiyo nikigawa lawama, na nimegawa mara nyingi, yule fundi wa kwanza nampa sehemu yake: alitoa kidude bila kukipima, na ungekipima kwa dakika kumi tu kwenye sufuria ya maji ya moto, kikifunguka ni kizima. Aliona maji ya kutu akanyamaza. Aliushika mfuniko mkononi akaurudisha. Lakini Kondoa hakuwepo. Kwenye kidimbwi nilikuwa mimi, na baada ya Chemba aliyekanyaga mafuta ni mimi. Ningesimama mshale uliposhuka, nikakaa chini ya mti, nikasubiri, nikaongeza maji, ningefika Dodoma kwa kusimamasimama na hasara ingekuwa rejeta na mfuniko. Jumla na Fuso, mashine, gasketi, rejeta ya mtumba, kulanti, oili na ufundi imekuwa shilingi 945,000. Mfuniko mpya peke yake ulikuwa 15,000.

Sasa hivi ndani kuna kulanti nusu na maji nusu, tena maji ya chupa, mke wangu ananicheka kwamba gari linakunywa maji mazuri kuliko wageni. Mshale umerudi katikati umetulia. Tatizo ni shemeji, kila tukipanda gari anauchungulia, ukitikisika tu anauliza, "Shem, huo unashuka au unapanda?"

Juzi nikapita kwa yule fundi wa kwanza, sio kugombana, nilitaka tu aone. Nikampa ule mfuniko wa zamani mkononi nikamweleza kisa chote. Akausikiliza vizuri tu, akatikisa kichwa, akasema pole sana bosi. Afu akaugeuza geuza ule mfuniko, akaubonyeza, akautazama kwenye mwanga, akaniambia, "Huu mbona bado unafaa, niachie, kuna IST ya mama mmoja hapa haina kabisa." Nikauchukua nikautia mfukoni.